Simu za Kero na Hadaa: Familia Ijikinge Vipi?

Ndugu msomaji, ulikuwapo wakati ambapo simu ilikuwa kitu cha ofisi. Hapa Kidatu mtu angeikuta mezani kwa wakubwa wa kiwanda cha sukari, au kwenye mitambo ya umeme, au stesheni ya reli. Mwananchi wa kawaida aliyekuwa na habari ya msiba au ya posa alikaa chini akaandika barua, na kama jambo lilikuwa la haraka alikwenda Posta kupeleka telegramu, ambayo kila neno lake lililipiwa. Kwa hiyo aliyepiga simu alikuwa na sababu ya kupiga, na aliyeitwa kwenye simu aliondoka mbio huku moyo ukimdunda, akijua kuwa halikuwa jambo dogo.

Leo hali imegeuka. Simu imo mfukoni mwa mkata miwa, imo katika kibindo cha mama lishe wa Mkamba, na usiku hulala chini ya mto wa bibi kizee kijijini. Mwishoni mwa mwaka 2024 laini za simu zilizosajiliwa Tanzania zilikuwa zimepita milioni 80, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Maendeleo hayo hakuna awezaye kuyabeza. Lakini mlango ule ule tuliomfungulia ndugu aliye mbali umekuwa pia mlango wa watu tusiowajua wala tusiowaita. Huyu anatangaza mchezo wa bahati nasibu, yule anadai deni la mtu mwingine, wa tatu anajiita mganga mwenye dawa ya mapenzi na mali, na wa nne anakuarifu kwamba umeshinda shindano ambalo hukushiriki. Simu inalia saa tano za usiku, mtoto anaamka, mume anauliza ni nani huyo, na mke hana jibu kwa sababu hata yeye hamjui. Nyumba ngapi zimepata ugomvi kwa namba isiyo na jina!

Kero hizi si za namna moja, na kwa hiyo dawa yake si moja. Zipo zinazokuchosha tu, na zipo zinazokuibia. Nitaanza na hizi za pili, maana ndizo zilizowaliza watu.

ILE HELA

Hakuna mwenye simu nchini ambaye hajapata kuusoma ujumbe ule unaosema kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii, kisha likatajwa jina litakalotokea. Wengi huucheka. Wanasema, nani mjinga wa kutuma fedha kwa maneno kama hayo? Lakini tutazame jinsi ulivyotungwa. Ujumbe hautaji ni hela gani, wala ya nani, wala kiasi gani. Mtumaji hakujui, ameupeleka kwa mamia ya namba akitumaini kwamba katika hao mamia mmoja, saa hiyo hiyo, yuko mbioni kumtumia mtu fedha.

Na katika bonde letu mtu wa namna hiyo hakosekani. Msimu wa kuvuna miwa unapoanza, katikati ya mwaka, fedha huzunguka kutoka mkono hadi mkono: mkulima anadaiwa na wapaliliaji, anadaiwa na mwenye trekta, anadaiwa ada ya mtoto aliyeko shule ya bweni. Upande wa Ifakara mpunga ukishaingia ghalani mambo ni hayo hayo. Mtu aliyeahidi jana kwamba kesho atatuma shilingi laki mbili, akiuona ujumbe unaosema "ile hela", akili yake yenyewe humjazia yaliyobaki. Anadhani ni fundi wake amebadili namba. Kwa hiyo anayeibiwa aghalabu si mjinga. Ni mwaminifu aliyekuwa analipa deni lake, akampa asiyemdai.

Kinga yake ni nyepesi, nayo haihitaji elimu ya mitambo: fedha isitumwe kamwe kwa namba iliyokuja kwa ujumbe, mpaka mwenye kudai apigiwe kwa namba yake ile ya zamani na sauti yake isikike. Kama hapatikani, asubiri. Deni halali halitaoza kwa kungoja hadi jioni.

Hadaa ya pili ni ya fedha "iliyokosewa". Unapokea ujumbe uliofanana sana na ule wa huduma ya fedha, kwamba umepokea shilingi laki moja na nusu. Dakika mbili baadaye mtu anapiga simu, sauti imejaa machozi, anasema amekosea namba, fedha ni za matibabu ya mama yake, tafadhali mrudishie. Hapo usiutazame ujumbe, tazama salio. Ingia mwenyewe kwenye huduma yako ya fedha kwa njia yako ya kila siku, ukaone kama kuna kilichoongezeka. Mara nyingi hakuna. Na hata kama fedha imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea apige kwa kampuni yake ya simu, nayo itaurudisha muamala kwa utaratibu wake. Mkweli atakubali. Mlaghai atatukana, na hapo umekwisha kumfahamu.

Ya tatu ni ya yule anayejitambulisha kuwa ni mtumishi wa kampuni ya simu. Ana lugha laini, anajua kukuita "mteja wetu mpendwa", na anakueleza kuwa laini yako inakaribia kufungwa au kwamba unaongezewa kiwango cha mkopo. Kisha anaanza kukuelekeza: bonyeza nyota, bonyeza namba hizi, weka alama ya reli, sasa weka namba yako ya siri. Ndugu msomaji, hapo mkato ni mmoja. Namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao ya simu nchini ni 100, na anayekupigia kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi akidai ametoka huduma kwa wateja, hakutoka huko. Namba ya siri haiulizwi na mtumishi yeyote wa kweli, wa kampuni wala wa benki.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu akikuambia ubonyeze nyota, 21, nyota, kisha namba fulani na alama ya reli, anakufanya uzihamishe simu zako zote ziende kwake. Ndugu zako watapiga, na atakayepokea ni yeye. Ukitaka kuona kama simu yako imefanyiwa hivyo, bonyeza *#21#. Ukitaka kuondoa kila uhamisho uliowekwa, bonyeza ##002#.

WAMELIJUAJE JINA LANGU?

Kinachowatisha wengi ni kuitwa kwa jina. Mama anapokea simu ya mtu asiyemjua, naye anamwita kwa jina lake la kwanza, la baba na la ukoo, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Anafikiri: huyu lazima ametoka serikalini au kwenye kampuni, la sivyo angenijuaje?

Jibu halina uchawi. Mtu yeyote mwenye huduma ya fedha kwenye simu akianza kukutumia fedha, mtambo humwonyesha jina la mpokeaji ili ahakikishe kabla ya kukubali. Yeye analisoma, analinakili, kisha anaufuta muamala. Hajatumia hata senti moja. Jambo lililowekwa kwa ajili ya kutukinga tusikosee, mlaghai amelifanya kitabu cha kusomea majina yetu. Kwa hiyo kuitwa kwa jina si ushahidi wa lolote.

Njia nyingine ni sisi wenyewe tunaoifungua. Tazama daftari la wakala wa fedha: jina, namba ya simu, kiasi, saini, vyote vimeandikwa mstari kwa mstari, na daftari limelala wazi kwenye meza ambapo kila anayepita anaweza kulipiga picha. Tazama makaratasi ya bahati nasibu tunayojaza stendi. Tazama vitabu vya wageni, na makundi ya WhatsApp ya harusi na misiba, ambamo namba za watu mia mbili zimo mbele ya macho ya kila aliyeingizwa. Si rahisi kuyaacha yote hayo, wala simshauri mtu asichangie harusi ya jirani. Lakini wakala anaweza kuombwa alifunike daftari lake, na mwenye kundi anaweza kulivunja shughuli ikishakwisha.

MKOA WETU UNATAJWA

Sasa niseme jambo ambalo pengine halitampendeza kila msomaji wa bonde hili. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hutoa takwimu kila robo ya mwaka, na ndani yake huonyesha majaribio ya ulaghai kwa njia ya simu yametokea mikoa gani. Katika miaka ya karibuni mikoa miwili imetajwa mara kadhaa kuwa inaongoza: Rukwa, na huu wetu wa Morogoro.

Mkoa ni mkubwa, na sina haki ya kusema kwamba wahalifu hao wako Kidatu, au Mang'ula, au Ifakara. Lakini hatuwezi kuzungumza juu ya simu za hadaa kana kwamba zinatoka mwezini. Zinapigwa na vijana wenye mama na baba, wanaolala katika nyumba, wanaokula ugali uliopikwa na mtu. Mzazi anamwona mwanawe hana shamba, hana kibarua kiwandani, hana duka wala pikipiki ya abiria. Mchana amejifungia chumbani na simu tatu, nne, na laini zimejaa kwenye kiberiti. Kisha jioni analeta kilo mbili za nyama. Mzazi anapokea, anashukuru, hataki kuuliza. Nyama hiyo pengine ni ada ya mtoto wa mjane wa Tunduru au wa Kasulu. Mimi nadhani swali la "umepata wapi?" lingeulizwa mezani siku ile ya kwanza, kabla ya kukatwa kitoweo, polisi wangekuwa na kazi ndogo zaidi.

Yapo pia madhara ya upande wa pili, yanayompata asiye na hatia. Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa ulianza tarehe 1 Mei 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Lengo lilikuwa kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Walaghai wakatafuta mlango wa nyuma: wakawa wanatumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Ndiyo maana ule ujumbe wa "ile hela" hutaja jina litakalotokea, maana si jina la aliyeuandika. Ni la mtu fulani, pengine mzee wa kijijini, ambaye siku moja alikwenda kwa msajili wa barabarani kununua laini yake moja, akaambiwa kidole hakijasoma, weka tena, weka tena, na kumbe kila aliporudia ilisajiliwa laini nyingine.

Basi wewe msomaji, kabla hujamaliza ukurasa huu, chukua simu yako ubonyeze *106#. Utapata huduma ya kuhakiki usajili, na humo utaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta namba usiyoijua, usingoje. Nenda kwenye duka la kampuni yenye laini hiyo, ukiwa na kitambulisho, ukaikane na kuomba ifungwe. Mfanyie hivyo mama yako na babu yako pia, maana hao ndio waliowekeshwa vidole mara nyingi zaidi. Na kijana akija kukuomba umsajilie laini kwa kitambulisho chako kwa malipo ya shilingi elfu mbili, ujue kwamba hizo elfu mbili ndizo bei ya kuitwa polisi badala yake.

KUIFUNGA MILANGO

Simu nyingi za siku hizi zina uwezo wa kuizuia namba isikupigie tena. Kwenye simu janja unafungua orodha ya waliopiga, unaishikilia namba husika, na utaona neno la kuzuia. Hata vitochi vingi vina sehemu ya namba zilizozuiwa, ingawa imefichwa ndani ya mipangilio. Kijana wa darasa la sita atakutafutia kwa dakika moja. Zipo pia simu zinazoweza kunyamazisha kila namba isiyo kwenye kitabu chako cha majina. Hiyo ni nzuri kwa bibi ambaye anapigiwa na watu kumi tu maishani mwake. Haimfai dereva wa bodaboda, wala muuza mchele, wala kijana aliyeomba kazi na anasubiri kuitwa, maana riziki yao huja kwa namba wasizozijua.

Kuzuia peke yake, hata hivyo, ni kufukuza nzi mmoja mmoja. Mlaghai ana laini nyingi. Ndiyo sababu TCRA imeweka namba 15040 ya kupokea taarifa za ulaghai. Ukipata ujumbe wa hadaa, uhamishie kama ulivyo kwenda 15040. Utaletewa jibu la kukutaka uandike namba iliyokutumia, nawe utaiandika na kuituma. Namba ikithibitika hufungwa. Kazi yote haizidi muda wa kuchemsha chai, lakini wengi wetu tunaufuta ujumbe na kuendelea na shughuli. Tunapoufuta tumejiokoa sisi, tukamwacha jirani anayefuata kwenye orodha.

Jingine ni ulimi. Wapo wanaoona raha kujibizana na mlaghai, kumtukana, kumpotezea muda. Inachekesha, lakini jibu lolote, hata tusi, linamjulisha kwamba laini iko hai na mwenyewe husoma ujumbe. Kunyamaza kunamnyima habari hiyo.

Kuna pia simu inayolia mara moja tu na kukatika, ikiwa na namba ya nje. Inataka wewe, kwa udadisi, upige. Na ukipiga unaunganishwa na huduma ya nchi ya mbali yenye gharama kubwa, huku wenye hila wakigawana sehemu ya gharama hiyo. Wajapani wameipa jina la wangiri, yaani kulia mara moja na kukata. Tanzania hutambulika kwa 255, Kenya 254, Uganda 256. Zambia ni 260, na hapa kwetu, penye reli ya TAZARA, namba ya 260 yaweza kweli kuwa ya ndugu au mfanyabiashara. Namba ya nchi ambayo huna mtu huko, iache. Anayekutafuta kwa dhati atapiga tena.

Usitegemee sana tarakimu za mwanzo za namba za nchini kujua mtandao wa mpigaji. Tangu mwaka 2017 mteja anaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba, kwa hiyo namba iliyozaliwa kwenye mtandao mmoja yaweza kuwa inaishi kwenye mwingine.

MATANGAZO, NA MADENI YA WATU

Jumbe za matangazo za kampuni halali, zile za miito ya nyimbo, michezo ya kubahatisha na vifurushi, haziibi, lakini zinachosha, na nyingine hukata salio polepole kwa huduma ambayo mteja hakumbuki kujiunga nayo. Dawa yake ni kupiga 100 na kuuliza maneno mawili: nimeunganishwa na huduma gani, na naomba zote nisizozitaka ziondolewe. Usiogope kuuliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mwananchi haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kwa matangazo ya biashara. Wenzetu wa Marekani walianzisha mwaka 2003 orodha ya taifa ya watu wasiotaka kupigiwa na wauzaji. Imewasaidia dhidi ya wafanyabiashara waungwana. Walaghai hawajali orodha, huko wala huku.

Kero iliyoingia karibuni, na ambayo imevunja urafiki wa watu wengi, ni ya mikopo ya mtandaoni. Mtu anapakua programu kwenye simu yake, anaulizwa kama anakubali isome kitabu chake cha majina, naye kwa haraka ya kupata elfu hamsini anakubali kila kitu. Siku ya kulipa ikipita, simu zinaanza kupigwa, lakini si kwake peke yake. Anapigiwa mwalimu wake wa zamani, mkwe wake, padri wake, msimamizi wake wa kazi. Wote wanaambiwa fulani ni mwizi. Heshima ya mtu iliyojengwa kwa miaka thelathini inaangushwa kwa elfu hamsini. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hadharani programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Anayetaka kukopa na aangalie kwanza kama mkopeshaji yumo katika orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu, na programu yoyote inayotaka kukisoma kitabu cha majina ikataliwe, hata kama riba yake ni tamu.

Nawe uliyepigiwa kwa deni la mwingine, elewa kwamba kuwa na jina lako katika simu ya mtu hakukufanyi mdhamini wake. Hulazimiki kulipa wala kumtafuta. Tunza jumbe walizokutumia, maana ni ushahidi, na malalamiko ya namna hiyo yana mahali pa kupelekwa: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Yawezekana pia deni ni la mtu aliyekuwa na namba yako kabla yako, kwani laini isiyotumiwa muda mrefu hufungwa na namba yake kupewa mteja mpya. Waeleze mara moja, kwa adabu, kwamba namba sasa ni yako, wakirudia, wazuie.

WAZEE NA WATOTO

Simu ya kikatili kuliko zote ni ile inayomlenga mzazi. Mtu anapiga asubuhi, anajiita mwalimu au daktari, anasema mtoto wako ameanguka shuleni, yuko hospitali, inatakiwa fedha sasa hivi kabla hajatibiwa. Mzazi aliyeko shambani, kilomita nyingi kutoka shule, hafikiri, anatuma. Hapa hakuna maarifa yatakayofanya kazi saa ile, kwa sababu hofu imekwisha kuyafukuza. Lazima kinga iandaliwe mapema. Siku mtoto anapopelekwa shule, andika kwenye daftari, kwa wino, namba ya mwalimu wa darasa na ya mkuu wa shule, na nakala ibaki ukutani nyumbani. Siku simu ya namna hiyo ikija, kata, pigia shule.

Zipo familia zilizokubaliana neno la siri, jina la ng'ombe wa zamani au la jirani aliyehama, ambalo ndugu akiwa na shida kweli ataulizwa. Wengine wataona ni mchezo wa watoto. Lakini siku hizi kompyuta ina uwezo wa kuigiza sauti ya mtu, hata kusikia sauti ya mwanao si uhakika kamili, na jina la ng'ombe wa babu halimo kwenye kompyuta yoyote.

Kwa wazee wetu, mafunzo bora ni ya mdomo kwa mdomo. Mjumbe wa nyumba kumi anapoitisha kikao cha usafi au cha ulinzi, dakika kumi za kuzungumzia simu hazitakuwa zimepotea, na vijana wanaojua wawapitishe wazee kwenye simu zao wenyewe, polepole, bila kuwacheka. Mzee akichekwa, siku akiibiwa atanyamaza kwa aibu.

FEDHA IKISHAKWENDA

Na kama imekwisha kutumwa, muda ndio kila kitu. Fedha iliyo bado kwenye laini ya mlaghai yaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala imekwenda. Kwa hiyo usianze kwa kulia, wala kwa kumpigia mlaghai kumbembeleza, wala kwa kumweleza jirani. Piga 100 papo hapo, ueleze kwamba umetapeliwa, utaje namba uliyotumia na kiasi, na uombe fedha izuiwe. Wengi huchelewa hapa kwa sababu ya haya. Ujumbe wa muamala usifutwe, kwa kuwa una namba ya kumbukumbu itakayotakiwa kila utakapokwenda. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukaandikishe taarifa, upewe namba ya jalada, na namba ya mlaghai uipeleke 15040. Kama ulimtajia mtu namba yako ya siri, ibadilishe kabla hata hujatoka nyumbani. Na kama huijui njia ya kuibadilisha, mwambie huyo huyo mtumishi wa 100 akufungie huduma ya fedha kwa muda, mpaka utakapofika dukani kwao na kitambulisho chako mkononi.